Gitaa la Mlinzi na Masikio Yetu

Mara ya kwanza nilipolisikia lile gitaa nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya maziwa, na nakumbuka nilikiweka chini nikakikagua kama kimepasuka. Hakikupasuka. Kilichopasuka ni Ijumaa yangu, siku pekee ambayo hoteli niliyoifanyia kazi hapa Doha ilinipa ruhusa ya kukaa bila kunusa sabuni ya mashuka, na ambayo nilikuwa nimeipanga kwa mambo matatu ya maana: kula, kulala, na kuwasema watu ambao hawapo.

Mpigaji alikuwa rafiki yangu. Alikuwa Mkenya, mlinzi wa duka kubwa la vitu vya anasa, mwanamke mrefu mwenye mabega ya kuheshimika, na kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni saa zote za zamu akiwatazama matajiri bila kuwatazama. Tulijuana kwenye basi la kwenda Al Wakrah, siku aliyonisikia nikigombana na simu yangu kwa Kiswahili, akageuka na kunisaidia kuitukana. Tangu hapo tukawa ndugu. Gitaa alifundishwa na mjomba wake huko kwao upande wa Ziwa, akalipiga kanisani, akaja nalo Doha likiwa limefungwa ndani ya blanketi.

Amplifaya aliinunua hapa hapa, kwa Mfilipino mmoja mwanamuziki wa hotelini aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa boksi jeusi lenye spika ndani, ambalo mtu mmoja analibeba akiwa amekasirika kidogo, na usoni lilikuwa na vitufe vya kuzungusha: cha ukubwa wa sauti, cha besi, ule uzito wa chini, na cha trebo. Trebo, kwa asiyejua, ni ule wembamba wa juu wa sauti, unaokufanya sufuria ikidondoka jikoni ujue ni sufuria na si gunia la mchele. Rafiki yangu kitufe hicho alikuwa amekizungusha mpaka pale kinapokataa kwenda mbele, na kama kingekubali angeendelea.

Kwenye makazi ya walinzi hakuruhusiwa kupiga, kwa sababu kila saa kulikuwa na mtu wa zamu amelala. Kwa hiyo gitaa na boksi lake vilihamia kwa Bi Mkubwa, ndiko tulikokutana sote siku za mapumziko. Bi Mkubwa alikuwa mama wa Unguja, fundi cherehani, mwenye vyumba viwili pale Al Mansoura juu ya duka la mapazia. Sebuleni kwake hapakuwa na kiti hata kimoja isipokuwa cha cherehani. Palikuwa na zulia na mito ya kuegemea kuzunguka kuta, kwani aliamini kiti humfanya mgeni akumbuke kuondoka. Tulikaa chini, tukala chini, tukasengenya chini, na siku ile ya kwanza tukapigwa trebo chini.

Ningeweza kumwambia auze boksi lile yakaisha. Tatizo ni kwamba tulimhitaji.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu, alikuwa anafanya kazi za ndani kwa familia moja huko Muaither, na alikuwa amepata mchumba, dereva, kijana wa kwetu Tanga ambaye ilibidi aje mpaka Ghuba ndipo amwone binti aliyekuwa akiishi mtaa wa pili. Wangeoana Doha. Mama asingeweza kuja. Magoti yake hayakuwa ya kusafiri, na hata kama yangekuwa, karatasi za safari zisingekuwa tayari. Na nyumbani kwetu, sisemi Tanga nzima, nasema nyumbani kwetu, binti haolewi bila mama kumwimbia. Marehemu baba alikuwa mpiga gitaa wa kikundi cha mtaani. Siku ya kumtoa binti, baba alipiga mwanzo wa wimbo, mama akaingia, akaimba, baba akajibu kwa gitaa, hivyo hivyo mpaka mwisho, na sote tukalia mpaka wanja ukafika kidevuni. Dada zangu waliimbiwa. Mimi niliimbiwa. Aliyebaki ni huyu mmoja, na baba alikuwa amekwisha tuacha.

Mama alisema ataimba kwa simu. Miaka hiyo simu za kuonana sura zilikuwa bado hazijaingia mifukoni mwetu, tulikuwa na sauti tu, na sauti yenyewe ilifika ikiwa imechoka. Lakini alikuwa na sharti.

"Nitafutieni mtu wa gitaa anifungulie wimbo kama alivyokuwa akinifungulia baba yenu," aliniambia. "Mie sijui kuingia kwenye wimbo kama mwizi, kwa dirishani. Na nisipomwimbia, nitaona kama sikumwoza."

Mtu wa gitaa niliyemjua Doha nzima alikuwa mmoja, na alikuwa ananiua kwa trebo.

Wimbo wenyewe aliushika upesi. Nilimwimbia ule mwanzo kwa mdomo, jioni moja tu, na vidole vyake vikaukuta kwenye nyuzi kana kwamba ulikuwa umefichwa humo siku zote. Sikuwa na ugomvi na vidole vyake. Ugomvi wangu ulikuwa na kile kilichotoka kwenye boksi. Noti ya chini ilikuwa inachoma, ya juu ilikuwa inakata, na pale katikati wimbo unapopanda, ambapo mama huwa anavuta pumzi, Bi Mkubwa aliinua mkono na kushika meno yake ya bandia.

"Mwanangu," alimwambia kwa upole, "mie nakupenda, lakini hicho chombo chako chanitoboa. Khalas, yatosha, zima, tunywe chai."

Nikaanza kampeni. Kwanza nilikuwa napunguza kitufe cha trebo kila alipokwenda kunawa mikono. Alirudi, akapiga mara moja, akakunja uso, akakirudisha. Mlinzi ni mlinzi. Huwezi kumgusia kitu asijue. Kisha nikalifunika boksi kwa kanga. Haikusaidia. Nikalifunika kwa blanketi, likawa kama mtu anayeomboleza akiwa chini ya shuka, na yeye akaongeza ukubwa wa sauti mpaka blanketi likawa linatetemeka. Bi Mkubwa akatoa sponji ya kushonea mabega ya koti, tukaibandika mbele ya spika kwa pini, tukajisifu. Sponji ile ilidumu mpaka wimbo wa pili.

Nikageukia ala yake ya kupigia. Alikuwa anakwangua nyuzi kwa kipande alichokikata kutoka kwenye kadi ya simu iliyokwisha, plastiki ngumu yenye ncha. Nikamwambia atumie nyama ya kidole gumba, kama anavyompapasa mtoto mgongoni. Akanitazama kwa yale macho ya mlangoni mwa duka.

"Sista, hii ndio sauti ya gitaa," alisema. "Hiyo ingine unataka ni ya redio imewekewa mto. Ukinitolea trebo ni kama umening'oa meno, halafu unaniambia nitafune."

Nilimjibu kwamba kwao gitaa hupigwa ili mtu aliye ng'ambo ya shamba la mahindi ajue kuna sherehe, lakini hapa sisi tuko karibu, tunamwona, hana haja ya kutuita. Akacheka, akasema watu wa Tanga tunataka gitaa likorome kama paka aliyeshiba. Ndipo nikatoa silaha yangu kubwa. Nikamweleza habari za gitaa la baba. Nilimwambia lilikuwa asali tupu, laini, linaloingia sikioni bila kubisha hodi, na kwamba mama hawezi kuufungua mdomo wake kwa sauti ya bati wakati alizoea asali. Nilieleza kwa hisia mpaka nikayaamini mwenyewe. Alinisikiliza, maana haikuwa adabu kubishana na mtu juu ya marehemu baba yake. Kitufe lakini hakukigusa.

Kilichomgeuza si mimi. Ni biriani.

Ijumaa moja mdogo wangu alifika kutoka Muaither akiwa na njaa na furaha, ile furaha ya wachumba inayochosha wengine. Sinia lilikuwa katikati ya zulia, sote tumekaa tumelizunguka, na mlinzi wetu aliyekuwa ametoka zamu alijitupa kwenye mto uliokuwa karibu kuliko yote, yaani mbele kabisa ya boksi lake. Hakuwahi kukaa pale. Alipokuwa anapiga alisimama, kwa mazoea ya kanisani, boksi likiwa sakafuni miguuni pake. Na alipokuwa amekaa, boksi lilikuwa limezimwa. Bibi harusi wetu mtarajiwa, badala ya kula, akalichukua gitaa, akasimama, akaliwasha boksi, akazikwangua nyuzi zote kwa mpigo kwa ile kadi ya simu.

Tonge lilikuwa limefika nusu ya safari. Lilisimama hapo hapo. Uso wa rafiki yangu uligeuka ukawa uso wangu wa Ijumaa zote zilizopita.

"Nani ameongeza hii kitu?" aliuliza.

Hatukuwa tumeongeza kitu. Akamwambia mdogo wangu apige tena, akiwa bado amekaa. Akasimama, akamwambia apige. Akakaa. Akasimama. Alipanda na kushuka kama mteja wa Bi Mkubwa anayepimwa gauni, mkono wake wa kulia ukiwa na wali mpaka kiganjani, na sisi tukaacha kula tukamtazama. Juu, sauti ilikuwa butu. Chini, ilikuwa wembe. Chumba kilikuwa kile kile, na kitufe hakikuwa kimeguswa.

Alielewa kabla yetu, akatueleza huku akitafuna. Besi inazunguka chumba kizima kama harufu ya vitunguu, hata uwe chooni itakupata. Trebo inatoka kwenye spika imenyooka, kama maji ya mpira wa bustani, na inampata aliye mbele yake tu. Yeye siku zote alikuwa amesimama, sauti ile kali ikimpita magotini, hivyo alichosikia ni mabaki, naye akaongeza ili aridhike. Sisi tulikuwa tumekaa chini, kwa desturi ya nyumba ile isiyo na viti, vichwa vyetu vikiwa sawasawa na mdomo wa spika. Alikuwa anajipikia chai yake, sukari yote ikiingia kwenye vikombe vyetu.

"Pole," alituambia, na akatuangalia mmoja mmoja. "Kwa kweli mmenivumilia."

Sisi si watu wa kuvumilia na tulikwisha mwambia mara nyingi, lakini neno hilo nililipokea kwa mikono miwili. Tulisogeza cherehani, tukaipandisha amplifaya juu ya meza, tukaigeuza imtazame yeye usoni. Akapiga. Akashtuka. Kisha, kwa mkono wake mwenyewe, bila kushikiwa kisu, akakirudisha kile kitufe nyuma mpaka chini ya nusu. Akaiweka kadi ya simu pembeni, akapiga kwa gumba. Wimbo wa mama ukatoka laini, wenye tumbo, ukakaa nasi kwenye mito kama mgeni mstaarabu. Bi Mkubwa alisema sasa hata meno yake yanasikia raha. Mimi nilimwambia kila mtu kwamba hivyo ndivyo lilivyokuwa gitaa la baba, na wiki zile zilizobaki nilitembea na ushindi ule hotelini kama cheo.

Siku ikafika. Nikaha ilisomwa asubuhi upande wa wanaume, na baada ya sala ya adhuhuri wanawake tukajaa kwa Bi Mkubwa, magoti kwa magoti, mpaka zulia halikuonekana. Mlinzi alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, akaja akaazimwa dera la Bi Mkubwa lililomfika chini kidogo ya magoti, na akalivaa bila aibu. Mdogo wangu aliketi katikati na ushungi wake wa kijani, hina mpaka viwikoni, akiwa mzuri kiasi kwamba nilimkasirikia kidogo. Alikuwa hajaniambia, lakini nilijua anangoja kitu kimoja tu. Kila simu ilipolia mahali popote chumbani, aliinua kichwa.

Tukazima kiyoyozi kwa sababu kilikuwa kinanguruma. Hayo ni mapenzi. Yeyote aliyewahi kuwa Doha kiangazi anajua. Nikapiga simu nyumbani, nikaweka sauti ya nje. Mama akaitika, na nyuma yake zikasikika sauti za majirani na shangazi zetu waliokuja kumsindikiza. Aliuliza kama mtoto amekula. Aliuliza amevaa nini. Kisha akasema yuko tayari, afunguliwe.

Rafiki yangu akapiga mwanzo wa wimbo kwa gumba lake, laini, kama tulivyopanga. Ukaisha pale ambapo mama anaingia. Tukangoja.

"Mbona hamwanzi?" mama akauliza.

Nikamwambia tumeshaanza. Nikaisogeza simu karibu na meza ya cherehani. Gitaa likapigwa tena, la asali kabisa, na sisi chumbani tulilisikia mpaka mifupani. Upande wa pili kimya.

"Nasikia mtu anahema," mama alisema. "Na nasikia kama gari linapita mbali. Gitaa silisikii."

Mara ya tatu rafiki yangu aliongeza ukubwa wa sauti, kitufe cha trebo hakukigusa, na mama akasikia gari lile lile likiwa limekaribia kidogo. Jasho lilikuwa linatutiririka. Mwanamke mmoja alianza kupepea kwa sahani. Nikamwambia mama aanze tu mwenyewe, sisi tutamfuata, naye akajaribu. Alitoa neno la kwanza, likatoka chini mno, akasita, akalitoa tena juu mno, akacheka kicheko kidogo cha kuona haya mbele ya majirani zake. Sikuwahi kumsikia mama akikosea wimbo ule.

"Basi, wanangu," alisema. "Tusiwasumbue wageni. Mwambieni nimemwombea."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa, akaanza kuangalia hina ya viganja vyake kama mtu anayesoma. Na mimi nikahisi hasira, hasira ya kweli, na sikujua nimkasirikie nani.

Rafiki yangu aliinama akanisemesha sikioni. "Sista, simu haibebi besi. Inabeba meno peke yake."

Alikuwa amejua tangu mara ya kwanza. Mkono wake ulikuwa umbali wa shubiri moja kutoka kwenye kitufe, na hakukigusa, kwa sababu ilikuwa harusi yetu, na mimi ndiye niliyemweleza habari za asali.

Nikamwambia mama asikate. Nikanyanyuka, nikaishusha amplifaya kutoka kwenye meza ya cherehani, mwenyewe, na dera langu la harusi, nikaiweka sakafuni pale pale ilipokuwa zamani. Nikawasogeza wanawake kwa magoti, nikauvuta ule mto wa biriani, ule ambao hakuna aliyetaka tena kuukalia, nikauweka mbele kabisa ya spika, na simu juu yake. Mahali pabaya kuliko pote kwenye chumba kile ndipo nilipomkalisha mama yangu. Kisha nikashika kitufe cha trebo, nikakizungusha mpaka kikakataa.

Rafiki yangu alikuwa ameshaishika kadi yake ya simu.

Lilipolia, wanawake waliziba masikio kwa pamoja kama waliofundishwa. Mtoto wa mtu akaanza kulia. Bi Mkubwa akashika taya. Gitaa likachoma, likakata, likapanda pale katikati kama sindano, na likaisha.

"Ah," mama alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa karibu. "Hilo ndilo gitaa. La baba yenu likilia hivyo hivyo kwenye lile bomba lake la spika, mpaka kuku wakihama uani. Nikimgombeza kila siku."

Kisha akaingia kwenye wimbo, mlangoni, mahali pake hasa.

Aliimba ubeti wa kwanza peke yake, akanyamaza, na rafiki yangu akamjibu kwa trebo yote aliyokuwa nayo. Akaimba wa pili. Sauti yake ilitoka kwenye simu ile ndogo ikiwa nyembamba, yenye mikwaruzo, na mdogo wangu alikuwa ameinua kichwa, akiitazama simu juu ya mto kama watu wanavyotazama uso. Wanja wake ulikuwa umefika kidevuni. Wanawake walikuwa bado wameziba masikio wakati wa gitaa na kuzibua wakati wa mama, kuziba na kuzibua, wengine wakicheka huku wanalia.

Nilijaribu kulikumbuka gitaa la baba, lile la asali, sikulipata. Nililolipata ni kuku wakikimbia, na mama akipiga kelele kutoka jikoni, na baba akijifanya hasikii. Nikavitoa vidole vyangu masikioni. Liliniuma kama lilivyoniuma siku ya kwanza, na nikaliacha liume.